Bingwa wa ngumi aliyerudi darasani, na somo kwa sisi wazazi

Jumapili iliyopita jirani yangu aliingia ndani bila hata kupiga hodi. Si kawaida yake. Tumeishi naye hapa Mabibo zaidi ya miaka kumi na siku zote huanzia mlangoni: hodi, habari za asubuhi, watoto hawajambo. Siku hiyo alikuja moja kwa moja hadi mezani, akamimina vitu kutoka kwenye mfuko. Vilikuwa vitambaa viwili virefu vya kufungia mikono, vinanuka jasho, na kinga ya meno ya plastiki.

"Jirani, hivi nimevitoa kwenye begi la shule la mwanangu," alisema. "Niambie ni nini."

Mimi nilidhani ni bandeji za kidonda. Mwanangu wa kiume alikuwa anapita kuelekea bafuni, akaviona, akacheka. "Shikamoo mama. Hizo ni za ngumi. Unajifunga mkononi kabla ya kuvaa glovu."

Jirani yangu alikaa chini. Mtoto wake ana miaka 15, yuko kidato cha pili, na Novemba ana mtihani wa taifa. Kwa miezi minne mama huyu aliamini kwamba kila jioni kijana anabaki tuisheni. Anaamka alfajiri kwenda Mahakama ya Ndizi kuchukua mikungu ya kuuza rejareja, anahesabu mia mia mpaka hela ya tuisheni inatimia. Kumbe hela hiyo ilikuwa inalipa ada ya mazoezi kwenye uwanja wa ngumi mitaa mitatu tu kutoka nyumbani. Na lile jicho lililovimba mwezi uliopita halikutokana na mpira kama alivyoambiwa.

Baba wa mtoto ni dereva wa lori la Tunduma na wiki nyingi hayupo nyumbani. Kwa hiyo swali lilikuja kwangu: "Nimpige marufuku, au nimwache?"

Mzazi mwenzangu, najua wengi wenu mngejibu haraka. Wapo watakaosema ngumi ni za wahuni, chukua fimbo umalize habari. Wapo watakaosema siku hizi mabondia wanaonyeshwa kwenye televisheni na wanapanda ndege, mwache mtoto atafute maisha. Mimi sikujibu lolote. Nilimpa chai, nikamsimulia habari za Francis Cheka.

Usiku wa Diamond Jubilee

Wengi wetu tunalikumbuka jina hilo. Cheka, ambaye mashabiki wake humwita SMG, alizaliwa mwaka 1982 na makazi yake yakawa Morogoro. Aliingia kwenye ngumi za kulipwa akiwa kijana mdogo, akapigana na karibu kila bondia mwenye jina nchini katika uzito wake. Kwa miaka mingi, promota aliyetaka ukumbi ujae aliliweka jina la Cheka kwenye bango.

Kilele kilikuwa Agosti 30, 2013. Katika ukumbi wa Diamond Jubilee, Upanga, alikutana na Mmarekani Phil Williams wakigombea mkanda wa dunia wa WBF, uzito wa super middle, ambao kikomo chake ni kilo 76.2. Walikwenda raundi zote 12. Hesabu mwenyewe: dakika tatu kila raundi, jumla ni dakika 36 za kupiga na kupigwa. Majaji walimpa Cheka ushindi kwa pointi. Mtanzania akawa na mkanda wa dunia, na mcheza kwao hutunzwa, ukumbi ulilipuka kwa shangwe.

Nilipofika hapo jirani yangu akaniuliza swali zuri: "Basi si akawa tajiri?"

Hapana. Hili ndilo jambo ambalo wazazi wengi hatulijui, na watoto wetu hawatatuambia. Ulimwengu wa ngumi za kulipwa hauna shirikisho moja kama soka ilivyo na FIFA. Kuna vyama vingi, na kila kimoja kina mkanda wake wa "dunia". Vinne ndivyo vinavyohesabiwa kuwa vikubwa: WBA, WBC, IBF na WBO. Fedha nyingi na televisheni kubwa viko huko. Vyama vingine, WBF kikiwemo, vina heshima yake, lakini mkanda wake hauji na gunia la fedha. Bingwa wetu alikuwa anajulikana pia kwa biashara ya kukusanya chupa tupu za plastiki na kuziuza. Mkanda wa dunia uko nyumbani, na chupa zinaendelea kuhesabiwa.

Sisemi hivyo kwa dharau. Kuuza chupa ni kazi halali, sawa na kuuza ndizi. Nasema hivyo kwa sababu kijana wa miaka 15 akiona picha ya bingwa amevaa mkanda, anadhani amemaliza maisha.

Kitu ambacho mkanda haukuweza kumpa

Sasa sikiliza sehemu ninayoipenda katika maisha ya mtu huyu. Mwaka 2014, akiwa tayari amevaa mkanda wa dunia, mwenye umri wa miaka zaidi ya 30, Cheka alirudi shule. Alianza masomo ya sekondari huko Morogoro. Habari hiyo ilisambaa hadi nje ya nchi, kwa sababu si kila siku bingwa anakaa darasani na watu wanaoweza kuwa wanawe.

Kwa nini alirudi? Kwa sababu elimu ya sekondari ilikuwa imempita, na kazi yake ilikuwa imemfikisha mahali ambapo ngumi peke yake hazitoshi. Mapambano ya kimataifa yanakuja na mikataba, na mikataba hiyo imeandikwa kwa Kiingereza. Bondia asiyekielewa lazima amtegemee mtu mwingine amsomee. Huyo mtu akikosea, au akiwa na lake, bondia anaweka sahihi tu.

Fikiria hilo, mzazi mwenzangu. Mtu anaweza kusimama dakika 36 mbele ya Mmarekani bila kurudi nyuma, halafu karatasi mbili zikamshinda. Na katika karatasi hizo ndimo mlimo kila kitu: atalipwa kiasi gani, nani analipa hospitali akiumia, anaruhusiwa kupigana wapi na kwa miaka mingapi.

Na ulingoni mambo hayakumsubiri. Miezi michache tu baada ya ule usiku wa Upanga, Desemba 2013, alikwenda Urusi akapigwa na Fedor Chudinov, kijana ambaye baadaye alikuja kushika mkanda wa WBA. Ndiyo maisha ya ngumi. Agosti unabebwa mabegani, Desemba uko ugenini kwenye baridi na umepoteza.

Mkono nje ya ulingo

Kuna sehemu nyingine ya habari hii ambayo si nzuri kusimulia, lakini tukiificha tutakuwa tunawadanganya watoto.

Februari 2015 mahakama mjini Morogoro ilimhukumu Cheka kifungo cha miaka mitatu kwa kosa la kumpiga meneja wa baa yake. Bingwa wa dunia akaingia gerezani. Hakuumaliza muda huo ndani. Alitoka mapema, na mwishoni mwa mwaka huo huo alikuwa amerudi ulingoni. Februari 2016 alimshinda Mserbia Geard Ajetovic pale Leaders Club, Kinondoni, na watu wakamshangilia tena.

Sina nia ya kumsimanga. Alihukumiwa, akalipa. Lakini kila mzazi wa bondia aikumbuke habari hii. Mkono uliofunzwa miaka mingi kupiga hauwi tena mkono wa kawaida. Mtu wa kawaida akimpiga kofi mwenzake kwenye ugomvi, huenda wakapatanishwa na balozi wa mtaa. Bondia akifanya hivyo anaweza kuua. Kwa hiyo anayefundishwa kupiga lazima afundishwe kutopiga, na somo hilo halianzi mahakamani. Linaanzia nyumbani, siku mdogo wake anapomchokoza wakigombea rimoti.

Na yuko Thomas Mashali, aliyepanda ulingoni na Cheka zaidi ya mara moja na kumshinda pale Morogoro mwishoni mwa 2015. Huyu tulimwita Simba Asiyefugika. Usiku wa kuamkia Oktoba 31, 2016, alishambuliwa na watu Kimara, njia yetu hii hii ya Morogoro, akafariki dunia. Taarifa za wakati ule zilisema waliomshambulia walimpigia kelele za mwizi. Nakumbuka siku ile mtaani kwetu watu walisimama vikundi vikundi, hakuna aliyeamini. Nguvu zote za ulingoni hazikumsaidia barabarani.

Jirani yangu aliposikia hayo alishika kichwa. "Basi marufuku," akasema. "Kesho nazichoma hizi bandeji."

Nikamwambia subiri. Twende kwanza tukaone.

Tulichokikuta

Jumatatu jioni tulikwenda wote wawili. Uwanja wenyewe uko nyuma ya nyumba ya mtu: kibanda cha mabati, matairi mawili ya lori, gunia lililoshindiliwa vitambaa na mchanga limening'inia kwenye mwembe. Ulingo ni kamba nne zilizofungwa kwenye nguzo juu ya saruji iliyotandikwa mkeka. Vijana kama 12 hivi, na wasichana wawili. Hapakuwa na kelele za kihuni. Palikuwa na jasho na sauti ya kamba za kurukia zikipiga chini.

Kijana alipomwona mama yake alisimama kama aliyemwagiwa maji ya barafu.

Mwalimu wao, mtu mzima mwenye pua iliyovunjika zamani, alitusalimia kwa heshima na kutuletea kiti. Jirani yangu hakukaa. "Mwalimu, umempokea mtoto wangu miezi minne bila kuniuliza. Angeumia ungemleta nyumbani kwa nani?"

Mwalimu alikaa kimya kidogo. "Mama, hapo una haki," akasema. "Aliniambia mzazi anajua. Nilipaswa kuja mwenyewe."

Nilipenda jibu hilo. Nikamwuliza yale niliyokuwa nimeyaandaa. Je, vijana wanapopigana mazoezi wanavaa kofia za kinga? Mbili zipo, wanapokezana. Je, anajua la kufanya mtoto akipigwa akapoteza fahamu? Hapo alijibu vizuri. Alisema kanuni za ngumi za ridhaa zinataka anayeangushwa kwa kupigwa kichwani apumzike si chini ya siku 30, bila pambano na bila mazoezi ya kupigana. Akiangushwa mara mbili ndani ya miezi mitatu, siku 90. Mara tatu ndani ya mwaka, anakaa nje mwaka mzima.

"Na wewe unafuata?" nikamwuliza.

"Kwenye mashindano nafuata, daktari yupo. Hapa uwanjani..." Hakumalizia.

Hapo ndipo mzazi anapotakiwa kuingia, maana hapa uwanjani hakuna daktari. Macho ni ya kwako. Mtoto akirudi nyumbani analalamika kichwa, anatapika, mwanga unamuumiza macho, anasinzia kuliko kawaida, au anauliza kitu kile kile mara tatu, usimpe dawa ya maumivu ukamwambia alale. Mpeleke hospitali usiku huo huo. Ndiyo maana siri ni mbaya kuliko ngumi yenyewe. Mama anayeamini mtoto ameumia kwenye mpira hawezi kujua aangalie nini.

Madaktari wamejua tangu miaka ya 1920 kwamba kupigwa kichwani kwa miaka mingi huharibu ubongo polepole. Muhammad Ali, ambaye wazee wetu walimwona alipokuja Dar es Salaam Februari 1980, aligunduliwa na ugonjwa wa Parkinson mwaka 1984, akiwa na miaka 42. Wataalamu bado wanajadiliana ngumi zilichangia kiasi gani. Mimi nikiwa mama sihitaji kusubiri wamalize mjadala. Kofia mbili kwa vijana 12 hazitoshi.

Alichosema mtoto

Tukamwita kijana pembeni. Mama yake alikuwa amejiandaa kufoka. Badala yake aliuliza tu, "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa."

"Na hela ya tuisheni?"

Akainamisha kichwa. Halafu akasema maneno ambayo mpaka leo sijayasahau. "Mama, hapa nikikosa siku moja mwalimu anapiga simu kuniuliza niko wapi. Shuleni nikikosa wiki nzima hakuna anayejua."

Jirani yangu hakuwa na jibu. Mimi pia sikuwa nalo. Tunapanga foleni kumlaumu kocha, kumbe kocha ndiye aliyekuwa anamhesabu mtoto.

Wakati tunarudi nilimkumbusha habari ya familia ya Matumla, wa Keko kule Temeke. Rashid Matumla, Snake Man, aliiwakilisha nchi kwenye Olimpiki ya Seoul 1988 na ya Barcelona 1992 kabla ya kuwika kwenye ngumi za kulipwa. Mdogo wake Mbwana alipigana, na ndugu wengine pia. Kisha mwanawe Mohamed akafuata, na Machi 2015 alimpiga Mchina Wang Xin Hua hapa Dar es Salaam. Mtoto yule hakulazimika kuficha bandeji kwenye begi la shule. Alikuwa na baba aliyezijua njia zote, za mapromota na za maumivu.

Watoto wetu wengi hawana baba bondia. Lakini wanaweza kuwa na mzazi anayejua.

Ushauri wangu

Kwa hiyo nilimjibu jirani hivi, na ndivyo ninavyokujibu na wewe unayesoma ukiwa na kijana wa aina hii nyumbani. Usimpige marufuku, na usimwache. Nenda naye.

Kwanza, shule haijadiliwi. Bingwa wa dunia alirudi darasani akiwa mtu mzima kwa sababu alijua pengo liko wapi. Mtoto wako ana nafasi ya kutoliacha pengo hilo kabisa. Alama zikishuka, glovu zinapumzika mpaka zipande.

Pili, mjue mwalimu, akujue, awe na namba yako ya simu. Mwulize kama uwanja wake unatambuliwa na chama cha ngumi cha wilaya au mkoa. Asiyetaka kuulizwa maswali, mwondoe mtoto kwake.

Tatu, abaki kwenye ngumi za ridhaa, zenye raundi tatu na daktari pembeni. Za kulipwa si za mtoto wa chini ya miaka 18, hata promota aje na ahadi gani. Na siku ya kuweka sahihi ikifika, mkataba usomwe na mtu wenu anayeielewa lugha hiyo, kabla ya kalamu kushikwa.

Nne, mfundishe kutopiga. Akimgusa mdogo wake au mwanafunzi mwenzake kwa hasira, mazoezi yanasimama mwezi mzima. Awe na hakika hutabadilisha neno.

Tano, kila akirudi mwangalie usoni. Muda wa kusema habari za leo ni muda wa kumkagua pia.

Jirani yangu aliyachukua na kuongeza lake. Mpaka mtihani wa Novemba upite, mazoezi ni Jumamosi tu, bila kupigana, kamba na gunia basi. Hela ya tuisheni sasa anaipeleka mwenyewe kwa mwalimu wa tuisheni, mkononi. Na Jumamosi atamaliza ndizi mapema ili akakae kwenye kile kiti. Baba alipopiga simu kutoka Tunduma alifoka, akacheka, kisha akauliza kama mtoto ana mkono wa kushoto mzuri.

Bado ana hofu, na mimi pia ninayo. Mtu asikudanganye kwamba ipo njia ya kulea mtoto wa ngumi bila hofu.

Jumamosi nilipita pale nikitoka sokoni. Alikuwa amekaa kwenye kiti, mkoba mapajani, anamtazama mwanawe akiruka kamba. Mwalimu akisema "haraka", kijana anaongeza. Akisema "basi", anasimama hapo hapo. Mama akanigeukia akanong'ona, "Huyu nyumbani nikimwambia afue soksi nasema mara tatu."

Jana asubuhi, nikifungua dirisha, niliona bandeji zimefuliwa na kuanikwa kwenye kamba ya nje, mbele ya macho ya mtaa mzima, pamoja na shati la shule.

Tukutane wiki ijayo.